Sekunde Nne za Mama Furaha

Wanangu mnaoingia kazi ya sauti, mimi nimestaafu na masikio yangu yamechoka. Sikio la kushoto halisikii tena sauti nyembamba. Mbu akipita upande huo simjui mpaka aniume. Mnapokuja kunitembelea hapa Nateete, Kampala, mnaniuliza habari za maikrofoni na kompyuta, nami nawajibu kwa raha. Kuna swali moja tu ambalo huwa nalikwepa. Mnataka kujua kwa nini nilifunga studio ghafla wakati kazi zilikuwa bado zinaingia, na mimi nasema ni uzee. Si uzee. Nitawaeleza, ila mnivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kufika, maana jambo lenyewe linanitia aibu na sijawahi kulisema lote kwa mtu yeyote, hata mke wangu.

Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa askari kutoka Arua, Mkatoliki. Mama yangu Muislamu. Majirani zetu walikuwa Waacholi, Waiteso, Wakakwa, watu wa kila namna, na lugha iliyotuwezesha kugombana na kupatana ilikuwa Kiswahili. Kazi nilifundishwa na Mzee Obonyo, aliyekuwa fundi wa mawasiliano jeshini kabla ya kufungua kiduka Old Kampala cha kutengeneza redio na kurekodi kanda. Kiswahili chake kilikuwa cha amri. "Wewe kijana, hapana gusa hiyo waya." Nami nilikuwa nagusa.

Kosa langu la kwanza kubwa mnalijua wengine, kwa sababu huwa nalisimulia kwenye harusi. Nilipewa kurekodi kwaya ya kanisa, watu kama thelathini, mchana kutwa. Nilipanga maikrofoni mbili nzuri mbele yao, nikakaa mezani na mahindi yangu ya kuchoma. Kumbe waya niliouchomeka kwenye mashine ulikuwa wa maikrofoni ndogo ya mezani, ile ya kusemea. Tulipocheza kanda jioni hakukuwa na kwaya. Kulikuwa na mimi natafuna mahindi, na kwa mbali sana watu wanaimba kama wako ng'ambo ya bonde. Mzee Obonyo alisikiliza mpaka mwisho wa upande wa kwanza, uso umetulia kabisa. Kisha akasema, "Mahindi iko sawa. Kwaya hapana."

Alinifundisha mengi. Kwamba godoro kuukuu ukutani linafaa kuliko vile visponji vya bei ghali. Kwamba usipange kurekodi bila kujua saa za swala, maana msikiti mkubwa uko pale kilimani na adhana haitakungojea umalize kiitikio. Kwamba mtu mwoga mpe kikombe cha chai cha kushika, si cha kunywa, mikono ipate kazi. Na somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: "Mwimbaji akisema amemaliza, hapana zima mashine. Ngoja atoke mlangoni."

Alisema kweli. Watu wakidhani kazi imekwisha, koo hulegea. Yale waliyoyaimba kwa kujikaza huyaimba tena kwa kujifurahisha, na hapo ndipo unapata kitu. Lakini Mzee Obonyo alikuwa na nusu ya pili ya somo. Akishanasa kitu cha namna hiyo, alimwita mwimbaji arudi, akamkalisha, akamchezea, akamuuliza, "Hii nichukue, au nifute?" Wakisema futa, alifuta mbele yao. Nilimwona akifuta sauti ya mzee mmoja wa Kinyankole ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasisimka. Nilimlaumu siku ile. Mimi nilishika nusu ya kwanza ya somo, nikaiacha ile ya pili palepale dukani kwake.

Baadaye nilifungua studio yangu mwenyewe hapa Nateete, nyuma ya soko, chumba kimoja na kijichumba cha mashine. Kanda zilikufa, zikaja diski, diski zikafa, ikaja kompyuta. Kazi nazo zikabadilika. Kwanza nilirekodi bendi za rumba, halafu wanamuziki wa kadongo kamu na gitaa zao moja moja, halafu vijana waliokuja na muziki wote tayari kwenye simu, wakitaka tu sauti zao zinyooshwe. Sikuwalaumu. Kila zama na chakula chake. Mwisho wa yote ndipo zikaja gemu.

Aliyeniletea gemu alikuwa msichana mmoja, Nankya. Alikuwa amesoma falsafa chuoni, na mama yake, aliyeuza matunda, alikuwa akiwauliza wateja kama falsafa inapikwa au inakaangwa. Nankya alikodi chumba Old Kampala juu ya duka la vitambaa, na pamoja na wenzake wawili wakawa wanatengeneza gemu ya simu. Tuliongea Luganda, mimi nawaandikia kwa lugha yangu. Gemu ilihusu binti anayevuka vilima vya Kampala kwa miguu amebeba dawa za mama yake aliyelazwa hospitali ya Mulago. Njiani anaweza kutumbukia mtaroni, kugongwa na boda, kuzirai kwa jua. Akifa, anaanza tena Nateete kwenye steji, kituo cha teksi, amesahau yote isipokuwa jambo moja, na jambo hilo anayecheza ndiye anamchagulia.

Niliipenda kazi ile kuliko muziki, nakiri. Matope unayoyasikia binti anapotembea ni posho ya jana, yaani ugali, nimeikanda kwa mikono miwili karibu na maikrofoni; mke wangu aliuliza siku mbili posho imekwenda wapi. Mgongano na boda ni kabichi niliyoivunja gotini. Upepo wa kilimani ni mimi mwenyewe na mfuko wa karatasi. Nankya alikuwa akikaa nami kijichumbani, magoti yamekutana na ukuta, akiniuliza maswali yake.

"Mzee," aliniuliza siku moja, "akifa akaanza upya, ni yule yule au ni mwingine?"

Nilifikiri kama fundi. "Kanda ukiinakili, nakala inaongeza mvumo kidogo. Ukinakili nakala, mvumo unazidi. Wimbo ni ule ule, lakini mwenye masikio anajua umepita mikono mingapi."

Aliliandika daftarini. Nilitembea nyumbani jioni ile kifua mbele. Mtu wa darasa la saba, ameandikwa kwenye daftari la falsafa.

Kilichotushinda kilikuwa sauti ya kifo. Nankya alitaka kitu kifupi, sekunde tatu au nne, kitakachosikika kila binti anapokufa na kabla hajaanza tena. "Isitishe," alisema. "Iwe kama mtu anayekulilia na kukuita wakati mmoja." Nilimpa filimbi, akakataa. Nilimpa adungu, kile kinubi cha kwetu, nikaipiga kwa kucha, akasema ni nzuri lakini hailii. Nilimpa sauti ya binti yangu Salima, akasema inalia lakini haiiti. Nilianza kulala nikiitafuta hiyo sauti.

Katika wiki hizo hizo, bila uhusiano wowote na gemu, alikuja Mama Furaha.

Mama Furaha ni Mkongomani, mkimbizi kutoka upande wa Uvira. Anauza vitenge sokoni hapa na anaongoza kwaya ya akina mama wa kanisa lao. Alitaka nyimbo nne za kanisa zirekodiwe, sauti yake na ya mdogo wake Zawadi, ili wenzao wajifunzie nyumbani. Walikuja asubuhi, wamevaa vitenge vya aina moja. Mama Furaha ana sauti nzito, ya chini, ya mtu anayeongea na wewe peke yako. Zawadi alimfuata kwa juu, nyembamba, kama uzi unaoshonea. Tulimaliza nyimbo tatu vizuri.

Katikati ya wimbo wa nne umeme ukakatika.

Sasa sikilizeni jambo la kazi. Nateete haina kimya. Kuna wachomelea vyuma, kuna mashine ya kusaga, kuna redio kila kibanda, friji za soda, spika za wahubiri. Hata usiposikia kimoja kimoja, vyote pamoja vinaacha mngurumo chini ya kila kitu unachorekodi. Kimya bora kabisa Nateete ni kile cha umeme kukatika mchana. Vyote vinazima kwa pumzi moja. Katika miaka yangu yote nimekipata mara chache, na kompyuta yangu ilikuwa ya kubeba, ina betri. Taa ya chumba ilizimika. Mashine haikuzimika.

Walikaa kungoja umeme urudi. Nilikuwa nawaona kwa kidirisha. Zawadi akasema kitu kwa lugha yao, Kifuliiru, nikasikia jina Amani. Halafu Zawadi akageukia kidirisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Baba Salima, mashine imezimika?"

Nikasema, "Imezimika."

Ningeweza kuwaambia kwamba nilisema bila kufikiri. Si kweli. Nilifikiri. Nilitazama kile kimshale cha kijani kinachocheza, nikakifunika kwa kiganja ili mwanga wake usionekane, ndipo nikasema imezimika.

Wakaimba. Si wimbo wa kanisa. Waliimba chini chini, wametazama sakafu, Mama Furaha akitangulia na Zawadi akimdaka. Sikuelewa neno hata moja. Mahali fulani katikati sauti ya Mama Furaha ilipanda, ikafika juu, ikakatika kidogo kama mtu aliyejikwaa, kisha ikajishika. Nywele za mikono yangu zilisimama. Nikajua palepale, Mungu anisamehe, kwamba nimempatia Nankya kifo chake.

Umeme uliporudi walimaliza wimbo wa nne, wakanishukuru, wakaondoka. Walitoka mlangoni na mimi sikuwaita warudi.

Siku mbili nilikata. Ninyi mnajua kukata: unatafuta pale wimbi linapogusa mstari wa katikati, ili sikio lisisikie kisu. Nilichukua kile kipande cha kupanda, nikaishia pale sauti inapokatika, kabla haijajishika. Sekunde nne. Nilirudia kuusikiliza wimbo mzima labda mara mia ili nijue pa kukata. Niliujua mpaka nikawa nauvuma bila maneno nikioga.

Nilipomchezea Nankya alifunika mdomo. Machozi yakamtoka. "Mzee, huyu ni nani?"

"Mama mmoja wa kwaya."

"Ameruhusu?"

"Ameruhusu."

"Anajua ni ya nini? Mzee, anajua itasikika mtu akifa?"

"Anajua," nikasema. "Amefurahi."

Gemu ilipotoka ilishika moto. Sijui kwa nini gemu fulani hushika na nyingine hufa. Wenye kujua ni ninyi. Vibanda vya gemu hapa Nateete viliifungua kwenye skrini kubwa, vijana wakawa wanakaa mabenchini wanabishana. Mmoja anasema kifo kisichouma si kifo. Mwingine anamjibu kwamba kinauma, kwa kuwa unapoteza yote uliyoyakumbuka. Nilipita pale makusudi, na nilipowasikia wakibishana namna hiyo, watoto wa mafundi na wauza mkaa, nilitamani Mzee Obonyo angekuwa hai.

Lakini kilichotoka nje ya kibanda hakikuwa mabishano. Ilikuwa ile sauti ya sekunde nne. Vijana waliivuma kila kitu kilipoharibika. Mchezaji akikosa penalti, uwanja mzima unavuma. Mwanafunzi akifeli, wenzake wanavuma. Siku moja ya mvua mwendesha boda aliteleza pale steji, akaanguka kwenye matope na abiria wake na kuku wake wawili, na steji nzima ikaivuma kwa sauti moja, juu, mpaka pale inapokatika, halafu kicheko. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa muuza kaptula. Nilicheka nao. Halafu nikamwambia muuza kaptula, "Unajua hiyo sauti ni kazi yangu?" Naandika hili huku uso unanichoma.

Mama Furaha hakuwa mtu wa gemu. Angeweza kukaa miaka asijue. Lakini alikuwa akiishi na mjukuu wake Neema, binti wa Furaha, mtoto wa miaka tisa hivi. Siku moja Mama Furaha aliteleza na sufuria, maharage yote yakamwagika sakafuni. Na Neema, kwa utani wa kitoto, akavuma.

Haya alinisimulia yeye mwenyewe. Alisema aliinama pale kwenye maharage hakuweza kuinuka. Alimuuliza mtoto, "Ile nani alikufundisha?" Mtoto akaogopa. "Ni ya kwenye gemu, Koko," akasema, ndivyo anavyomwita bibi yake. "Ni wimbo wa mtu akikufa."

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, peke yake.

"Baba Salima," alisema, "niko nakuuliza. Ile sauti ya kwenye gemu, njo sauti yangu ao hapana?"

Wanangu, hapo nilikuwa na nafasi. Mtu amekuja kwa upole, amekuita kwa jina la mtoto wako, amekuachia mlango wazi. Nami nikasema, "Mama, nyimbo zinafanana. Siku hizi kompyuta inatengeneza sauti yoyote."

Alinitazama. "Sauti yangu minaijua."

"Zinafanana sana, mama."

"Basi fungua ile siku yetu. Ile ya umeme kukatika. Fungua, tusikilize."

Ningeweza kusema nimefuta. Sijui kwa nini sikusema. Labda nilichoka. Nilifungua. Kijichumbani pale ni padogo, tulikaa bega kwa bega kama nilivyokuwa nikikaa na Nankya, na spika zikasema yote. Wimbo wa nne, nusu yake. Mlio mdogo wa umeme kukatika. Kimya kile kizuri. Zawadi akitaja jina la Amani. Kisha Zawadi kwa Kiswahili, wazi kabisa: "Baba Salima, mashine imezimika?" Na sauti yangu, ikitokea kidirishani, ya mtu mwema na mtulivu: "Imezimika."

Nimesikiliza sauti za watu maisha yangu yote. Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile.

Mama Furaha hakunigeukia. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho, mikono imelala mapajani. Ulipokwisha ndipo akaniambia. Wimbo ule aliutunga mama yao kwa ajili ya kumzika bibi yao. Si wa kabila wala wa kanisa, ni wa nyumba yao. Walipokimbia, Amani, mtoto wake wa kiume wa miaka minne, alishikwa na homa njiani akafa kabla hawajafika mpakani. Walimzika kando ya njia.

"Siku ile tulikuwa siye wawili tu, mimi na Zawadi," alisema. "Hakukuwa mutu wa kutusaidia kuimba. Mutoto alizikwa na sauti mbili. Sasa muji wote uko namuimbia Amani, na wako nacheka."

Nilisema, "Nisamehe, mama," na maneno yenyewe yalikuwa mepesi hata mimi niliona aibu kuyatoa. Nikamuuliza nifanye nini.

"Futa."

Nilifuta mbele yake. Kwenye kompyuta, kwenye diski ya akiba, kwenye nakala ya akiba. Alitazama kila kimoja kinavyoondoka. Kisha akasema, "Na ile ya kwenye masimu ya watu." Nikamweleza kwamba ile siwezi; imekwisha kutoka. Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto akijitetea. "Wewe njo ulikuwa na kitufe," akasema, akaondoka.

Mchana nilikwenda Old Kampala. Nilipanda zile ngazi za duka la vitambaa nikiwa nimepanga maneno, na nilipofika juu maneno yakaisha, nikamwambia Nankya vile vile ilivyokuwa. Hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mzee, nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Uliuliza."

"Mara mbili."

Alikaa. Baadaye akasema, "Nimesoma miaka mitatu habari za haki na dhamiri. Na sikufikiria kupanda teksi mpaka Nateete kumuuliza mwenyewe." Nilitaka kumwambia kosa si lake, lakini nilikuwa nimepoteza haki ya kumwambia mtu yeyote jambo lolote.

Kabla ya wiki kwisha waliitoa sauti ile kwenye gemu. Badala yake waliacha kimya cha sekunde nne. Wachezaji walilalamika, wengine wakakataa kuchukua toleo jipya la gemu, wakabaki na lile la zamani. Mitaani waliendelea kuvuma kama kawaida.

Nankya aliomba nimpeleke kwa Mama Furaha, tukaenda. Zawadi alikuwa kitandani, anaumwa, hakutaka kutuona, na pazia la chumba chake lilifungwa. Mama Furaha alitupokea. Alitupa chai. Nankya alipiga magoti akaomba msamaha, akasema mengi, akaeleza gemu ilikusudia nini, kufa na kuanza upya na kukumbuka. Mimi nilitafsiri. Mama Furaha alisikiliza yote.

"Muulize," akaniambia. "Kwenye hiyo gemu yake, yule binti akikufa, nani iko namulilia?"

Nikatafsiri. Nankya alifikiri mpaka chai ikapoa. "Hakuna," akasema mwisho. "Hatukuweka mtu."

"Mumuambie aweke mutu," alisema Mama Furaha, akakusanya vikombe.

Hivyo ndivyo nilivyofunga studio. Mashine niliwapa mafundi wa kanisa la kina Mama Furaha, magodoro nikayarudisha nyumbani. Kwenu nikasema ni uzee.

Miezi michache baadaye Zawadi alifariki. Nilisikia sokoni. Nilikaa kitandani nikijiuliza kama kwenda ni heshima au ni kuongeza matusi, na mke wangu, asiyejua lolote, akasema mtu uliyemrekodi huwezi kuacha kumzika. Nikaenda. Walikuwa wamefunga turubai uani, viti vya plastiki, akina mama wa kwaya wamevaa vile vitenge. Nilikaa nyuma kabisa. Mama Furaha aliniona. Hakunifukuza, hakunisalimu.

Kwaya iliimba nyimbo za kanisa. Kisha akina mama wakamtazama Mama Furaha. Walijua upo wimbo wa nyumba yao, ingawa hakuna kati yao aliyejua kuuimba. Aliyekuwa akiujua pamoja naye alikuwa amelala pale katikati kwenye jeneza. Mama Furaha alisimama, akashika ubao wa jeneza, akavuta pumzi. Hakuna kilichotoka. Akavuta tena. Nje, upande wa barabara, vijana walikuwa wanacheka kwa mambo yao, hata hawakuvuma, wanacheka tu, nikaona mabega yake yakishuka. Akakaa.

Watu walingoja. Mtoto Neema alikuwa ameketi miguuni pake. Alimtazama bibi yake, na nadhani alitaka kumsaidia. Akaanza yeye, kwa sauti ndogo, sawasawa kabisa: ile sauti inayopanda, inapanda, inafika juu, inakatika.

Akaishia hapo, maana zaidi ya hapo alikuwa hajui. Akabaki na mdomo wazi.

Chini ya turubai lile, kati ya watu wote wale, mimi peke yangu ndiye niliyejua kinachofuata. Nilikijua pumzi kwa pumzi. Kilinijia kooni chenyewe, na nikakiuma kwa meno kama mtu anayezuia kikohozi, kwa sababu hakikuwa changu.

Mama Furaha alimshika Neema kidevu. "Hapana," alimwambia. "Hauanzi pale. Uko naanza huku." Akamvuta mtoto magotini pake, akamwimbia mstari wa kwanza, taratibu, kama unavyomfundisha mtoto kuhesabu. Neema akaurudia. Akakosea. Mama Furaha akaurudia tena, na waombolezaji wote wakatulia kungoja mtoto afundishwe.

Niliinuka. Nilipita nyuma ya viti nimeinama, nikatoka getini, nikashuka njia ile ya vumbi bila kugeuka. Hata barabarani bado nilikuwa nawasikia, bibi na mjukuu, mstari kwa mstari. Sikio langu la kulia bado ni zima. Niliendelea kushuka mpaka steji ya teksi, mahali ambapo kelele za honi na makonda zilikuwa na nguvu kuliko sauti zao, na nilipohakikisha kwamba siwasikii tena kabisa, nikasimama hapo.